Je, Akiba Haiozi? Kuchunguza na Kutatua Hitilafu za Nakala za Ukanda katika Mifumo ya Unix

Utangulizi

Akiba haiozi, walinena wahenga. Methali hii humhimiza binadamu aweke leo kitakachomfaa kesho, na ni vigumu kuipinga busara hiyo. Hata hivyo, mkulima aliyewahi kufungua ghala lake wakati wa njaa na kukuta mahindi yamegeuzwa unga na dumuzi anaelewa kwamba ipo akiba inayooza. Ubaya wa kuoza huko ni kwamba hutokea kimya kimya, mlango ukiwa umefungwa na mwenye ghala akilala usingizi wa mtu aliyekwisha kujiwekea.

Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ya California, Marekani, ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Siku moja mfanyakazi mmoja aliendesha amri ya kufuta faili mahali pasipofaa, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka katika tarakilishi mbele ya macho ya wahusika. Kwa mujibu wa maelezo ambayo Oren Jacob, mmoja wa viongozi wa kiufundi wa filamu hiyo, aliyatoa baadaye, takriban asilimia 90 ya kazi ilifutika. Hapo awali hofu haikuwa kubwa, kwani nakala ziliwekwa kwenye kanda. Kanda ziliporejeshwa ndipo ilipogunduliwa kwamba hazikuwa kamili. Nafasi iliyotengewa nakala ilikuwa imejaa, na shajara ambayo ingaliandika habari ya kujaa huko iliwekwa katika hifadhi iyo hiyo iliyojaa. Kwa hivyo haikuandika lolote. Kilichoiokoa filamu ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kupewa tarakilishi ya kufanyia kazi nyumbani. Wenzake waliifunga tarakilishi hiyo kwa mablanketi na kuileta kwa gari kana kwamba wamembeba mgonjwa.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna hitilafu za nakala za ukanda zinavyochunguzwa na kutatuliwa katika mifumo ya jamii ya Unix. Hoja kuu ni moja: nakala ya akiba hupimwa kwa kurejeshwa, wala haipimwi kwa kuandikwa. Suala hili linamhusu mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, tasnifu, kongoo za matini, na rekodi za ngano, nyimbo na mahojiano ya nyanjani siku hizi huhifadhiwa katika seva, na seva nyingi huendeshwa na mifumo ya jamii hii. Faili ya tasnifu ikipotea, mwandishi anaweza kuketi na kuandika upya kwa machozi. Rekodi ya fanani aliyekwisha kufariki ikipotea, hakuna wa kumrudisha jukwaani. Pili, kutafuta hitilafu ni kazi ya usomaji. Mtambo huandika ujumbe. Ujumbe huo una maana ya juu na maana ya ndani. Na anayeusoma kwa pupa hupotoka sawa na msomaji wa shairi anayeishia kwenye ubeti wa kwanza.

Ukanda, Unix na neno nakala

Ukanda wa sumaku uliingia katika ulimwengu wa tarakilishi mapema sana. Mwaka 1951, tarakilishi ya UNIVAC I ilitumia viendeshi vya ukanda vilivyoitwa UNISERVO, na mwaka uliofuata kampuni ya IBM ikatoa kiendeshi chake cha 726. Kiendeshi cha ukanda ni mtambo unaoupitisha ukanda mbele ya vichwa vya kuandikia na kusomea. Tofauti na diski, ambayo kichwa chake huweza kurukia mahali popote, ukanda husomwa kwa mfuatano. Anayetaka kilicho mwishoni sharti apite yote yaliyotangulia. Sifa hii ndiyo chimbuko la hitilafu kadhaa zitakazojadiliwa.

Mfumo wa Unix ulianza kuundwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie ni miongoni mwa waasisi wake. Toleo la saba la mfumo huo, lililotoka mwaka 1979, lilikuwa na programu iitwayo tar, jina ambalo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya hifadhi ya ukanda. Hata leo, wengi wanaoitumia tar kufungasha faili hawajawahi kuuona ukanda, lakini jina lake bado linakumbusha kazi iliyoundiwa. Mifumo iliyofuata nyayo za Unix, kama vile Linux na FreeBSD, imerithi programu hiyo pamoja na falsafa ya kukichukulia kifaa kama faili. Ndiyo maana kiendeshi cha ukanda katika Linux huitwa /dev/st0 na huandikiwa kwa njia inayofanana na ile ya kuandikia faili.

Huenda msomaji akauliza iwapo teknolojia hii haijapitwa na wakati. Jibu ni la. Kaseti za kizazi cha kwanza cha LTO, zilizotoka mwaka 2000, zilibeba gigabaiti 100. Za kizazi cha tisa, zilizotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Isitoshe, kaseti iliyotolewa mtamboni na kuwekwa kabatini haifikiwi na amri yoyote ya kufuta. Mwezi wa Februari mwaka 2011, kosa la programu lilizifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, waliokadiriwa kuwa asilimia 0.02. Kosa hilo liliziathiri hata nakala zilizokuwa katika vituo vingine. Barua zilirejeshwa kutoka kwenye kanda, ambazo hazikuguswa kwa kuwa hazikuwa zimeunganishwa na mtandao.

Neno nakala lenyewe linastahili kutupiwa jicho. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake hubeba maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali pengine. Kunakili, kwa hivyo, ni kusafirisha. Shehena haihesabiwi kuwa imefika kwa sababu jahazi limeng'oa nanga. Huhesabiwa kuwa imefika inapofunguliwa na kukaguliwa ng'ambo ya pili. Wasimamizi wengi wa mifumo hutazama jahazi likiondoka kila usiku, wakaridhika.

Kanuni ya uchunguzi: kutoka nje kuelekea ndani

Nakala inapokataa kuandikwa, mtu mwenye haraka hukimbilia kubadilisha amri. Njia bora ni kuyapita matabaka moja baada ya jingine, kuanzia kile kinachogusika kwa mkono hadi kile kinachosomeka tu kwenye kioo.

Tabaka la kwanza ni umeme na kebo. Kiendeshi kiwe kimewashwa kabla ya seva kuwashwa, kwani mfumo huvitambua vifaa vingi unapoamka. Katika viendeshi vya zamani vilivyounganishwa kwa mnyororo wa SCSI, kila kifaa kilihitaji nambari yake ya pekee, na ncha zote mbili za mnyororo zilihitaji kufungwa kwa kimalizio. Mnyororo usiofungwa vyema ulileta makosa ya kuja na kuondoka: leo kiendeshi kinafanya kazi, kesho kimegoma bila sababu inayoonekana. Kebo iliyolegea huleta dalili zizo hizo hata katika mitambo ya kisasa.

Tabaka la pili ni utambuzi. Je, mfumo unajua kwamba kiendeshi kipo? Katika Linux, amri ya lsscsi huorodhesha vifaa vilivyotambuliwa, nayo amri ya dmesg huonyesha yale ambayo kiini cha mfumo kimeyanena tangu kilipoamka. Kiendeshi kikikosekana hapa, hakuna haja ya kuendelea mbele. Tatizo liko katika tabaka la kwanza au katika programu inayokiwezesha kifaa.

Tabaka la tatu ni hali ya ukanda wenyewe. Amri ya mt -f /dev/nst0 status hueleza iwapo kaseti imo ndani, iko mahali gani, na iwapo imefungwa isiandikwe. Uchunguzi huu huchukua sekunde chache tu, nao huweza kumwokolea msimamizi saa nzima ya kuhangaika.

Tabaka la nne ni jaribio dogo. Badala ya kungoja nakala kubwa ishindwe tena usiku, msimamizi huchukua kaseti isiyo na kitu cha thamani, akaandika saraka moja ndogo kwa tar -cvf /dev/nst0, akaurudisha ukanda mwanzo kwa mt -f /dev/nst0 rewind, kisha akaisoma orodha kwa tar -tvf /dev/nst0. Jaribio likifaulu, mtambo hauna hatia, na kosa litafutwe katika skripti, ratiba au wingi wa data.

Kuisoma lugha ya makosa

Ujumbe wa kosa ni matini fupi mno. Ufupi huo huuzalia utata, na wakati mwingine maneno yake huelekeza kidole kusikohusika. Mifano ifuatayo ni ya Linux.

Mosi, mfumo husema kwamba kifaa kina shughuli. Maana yake ni kwamba programu nyingine imekwisha kukifungua kiendeshi. Aghalabu ni nakala ya jana iliyokwama, na amri ya fuser au lsof humtaja aliyekishikilia.

Pili, mfumo husema kwamba ruhusa imekataliwa. Hapa kosa si la ukanda. Mtumiaji aliyeendesha amri hayumo katika kundi lenye haki ya kukitumia kiendeshi, ambalo katika matoleo mengi ya Linux huitwa tape.

Tatu, mfumo hudai kwamba mfumo wa faili ni wa kusomwa tu. Anayeanza hukimbilia kuzichunguza diski, ilhali kinachohitajika ni kuitoa kaseti na kukitazama kilimi kidogo kilicho ukingoni mwake. Kilimi hicho huizuia kaseti isiandikwe. Kabla ya kukisogeza, msimamizi ajiulize ni nani aliyekifunga na kwa nini, kwani huenda kaseti hiyo ililindwa kwa makusudi.

Nne, na huu ndio ujumbe unaopotosha zaidi, mfumo husema kwamba kumbukumbu haiwezi kutengwa. Watu wamewahi kufikiria kuongeza kumbukumbu ya tarakilishi kwa sababu ya maneno haya. Ukweli ni kwamba data huandikwa kwenye ukanda kwa mafurushi yaitwayo bloku. Anayesoma akija na chombo kidogo kuliko bloku iliyoandikwa, furushi halitoshei, na mfumo humlalamikia kwa maneno hayo. Programu ya tar kwa kawaida hutumia bloku za baiti 10,240, yaani vipande 20 vya baiti 512. Ukanda ulioandikwa kwa bloku za baiti 262,144 hautasomeka kwa mpangilio huo wa kawaida. Tiba ni kuipa tar chombo kinacholingana, kwa mfano tar -b 512 -tvf /dev/nst0, kwa kuwa 512 mara 512 ni 262,144. Ikiwa ukubwa wa bloku haujulikani, kiendeshi huwekwa katika hali ya bloku zinazobadilika kwa mt -f /dev/nst0 setblk 0, ukanda ukarudishwa mwanzo, kisha bloku moja ikasomwa kwa dd if=/dev/nst0 of=/dev/null bs=1M count=1. Amri hii ya mwisho itataja idadi ya baiti zilizosomwa, na idadi hiyo ndiyo ukubwa unaotafutwa.

Tano, mfumo husema kwamba kuna kosa la kuingiza au kutoa data. Huu ni ujumbe wa jumla mithili ya mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa mwili. Huenda vichwa ni vichafu, ukanda umechakaa, kaseti haijawahi kuandikwa, au ukubwa wa bloku umewekwa vibaya. Ufafanuzi hutafutwa katika dmesg, ambamo kiendeshi hueleza iwapo kosa ni la ukanda, la mtambo, au ni kwamba kimefika mahali pasipo na maandishi.

Hitilafu zisizosema

Makosa yaliyotajwa hapo juu yana heri, kwa maana hupiga kelele. Yaliyo hatari zaidi ni yale yanayopita huku mfumo ukitoa taarifa ya ufanisi.

Hitilafu ya kwanza ya aina hii hutokana na herufi moja. Katika Linux, kiendeshi kimoja kina majina mawili: /dev/st0 na /dev/nst0. Jina la kwanza huurudisha ukanda mwanzo kila kazi inapomalizika. La pili huuacha pale ulipofika. Tuseme skripti inaandika rekodi za mahojiano kwenye /dev/st0, kisha inaandika tasnifu kwenye /dev/st0. Baada ya kazi ya kwanza, ukanda unarudi mwanzo. Kazi ya pili inaanzia hapo hapo na kuandika juu ya mahojiano. Amri zote mbili zimefaulu. Taarifa mbili za ufanisi zinaandikwa. Kilichobaki kwenye ukanda ni tasnifu peke yake, na hata kama zilikuwa ndogo kuliko mahojiano, kiendeshi hakitasoma kilichosalia nyuma yake, kwa sababu alama mpya ya mwisho wa data imewekwa. Tiba ni kutumia /dev/nst0 wakati wa kuandika hifadhi kadhaa kwenye ukanda mmoja, na kuhesabu vyema wakati wa kusoma. Kwa mfano, ili kuifikia hifadhi ya tatu, ukanda hurudishwa mwanzo kisha hurukishwa hifadhi mbili kwa mt -f /dev/nst0 fsf 2.

Hitilafu ya pili hutokea pale amri zinapounganishwa kama mfereji, tar ikifungasha na dd ikiandika kwenye ukanda. Kila programu ya Unix hutoa nambari inapomaliza, na sifuri humaanisha ufanisi. Katika mfereji, nambari inayosikika kwa kawaida ni ya programu ya mwisho pekee. Ikiwa tar imeshindwa kusoma nusu ya saraka, dd itaandika kwa uaminifu kile kidogo ilichopokea, kisha itatangaza sifuri. Katika bash, kuiweka amri ya set -o pipefail mwanzoni mwa skripti hufanya kushindwa kwa yeyote katika mfereji kusikike. Vilevile, ni vyema kufahamu kwamba tar ya GNU hutoa 1 faili zinapobadilika wakati zikisomwa, na 2 panapotokea kosa kubwa. Faili za hifadhidata iliyo wazi ni za kuogopwa hasa: zinaweza kunakiliwa bila lalamiko lolote, zikarejeshwa zikiwa hazifunguki.

Hitilafu ya tatu ni ya ratiba. Skripti inayofanya kazi mchana ikiendeshwa kwa mkono huweza kushindwa usiku ikiendeshwa na cron, kwa sababu cron haizifuati njia zote za kutafutia programu alizo nazo mtumiaji. Malalamiko yake hutumwa kwa barua katika sanduku la ndani la msimamizi mkuu, sanduku ambalo huenda halijafunguliwa tangu seva ilipowekwa. Kisa cha GitLab cha tarehe 31 Januari 2017 kinafaa kutajwa hapa ingawa hakikuhusu ukanda. Hifadhidata ilipofutwa kimakosa, iligunduliwa kwamba nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa kutumia toleo lisilofaa la programu, na kwamba barua za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Data za takriban saa sita zilipotea. Mlinzi alipiga mayowe, lakini mayowe yake hayakuvuka ua.

Hitilafu ya nne ni ya hesabu. Kaseti ya LTO ya kizazi cha kwanza ilitangazwa kuwa na uwezo wa gigabaiti 200, ilhali uwezo wake halisi ulikuwa 100. Tofauti hiyo ilitokana na dhana kwamba data zitabanwa kwa nusu. Maandishi hubanika vizuri. Rekodi za sauti za MP3 na picha za JPEG zimekwisha kubanwa, nazo hazibaniki tena. Anayehifadhi rekodi za fasihi simulizi asiusadiki uwezo unaotangazwa kwenye karatasi. Ahesabu kwa uwezo halisi.

Kuoza kwa ukanda wenyewe

Hata amri zikiwa sahihi, ukanda ni kitu chenye mwili, na kila chenye mwili huchakaa. Vumbi na chembechembe za ukanda hushika kwenye vichwa vya kiendeshi. Kiendeshi kinapoomba kusafishwa, hutiwa kaseti maalumu ya usafi, ambayo nayo ina idadi maalumu ya matumizi; ikizidishwa, haisafishi chochote. Kusafisha bila kuombwa hakushauriwi pia, kwani kaseti hiyo huvikwaruza vichwa.

Jambo jingine ni kasi. Kiendeshi cha kisasa huupitisha ukanda kwa kasi kubwa na hutaraji data zije mfululizo. Seva ikizileta kidogo kidogo, kiendeshi husimama, hurudi nyuma, kisha huanza tena. Mwendo huu wa kwenda na kurudi, mithili ya mpiga viatu rangi na kitambaa chake, huchelewesha kazi na kuuchosha ukanda. Dawa yake ni kuzikusanya data kwanza kwenye diski yenye kasi, kisha kuzimimina kwenye ukanda kwa mkupuo mmoja.

Hewa nayo ina usemi. Kwa hifadhi ya muda mrefu, watengenezaji wa kaseti za LTO hupendekeza joto la nyuzi 16 hadi 25 za selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Hewa ya pwani kama ya Mombasa au Lamu huwa na unyevu unaozidi kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hivyo kabati la kawaida katika chumba kisichodhibitiwa hewa si mahali pa kuweka kumbukumbu za miaka 30. Kaseti iliyotoka mahali penye hali tofauti iachwe izoee chumba kabla ya kutiwa mtamboni.

Mwisho, ukanda unaweza kubaki mzima ilhali msomaji wake ametoweka. Viendeshi vya LTO hadi kizazi cha saba viliweza kusoma kaseti za vizazi viwili vilivyotangulia. Kizazi cha nane kilisoma kimoja tu kilichotangulia. Taasisi iliyoziweka kanda zake za kizazi cha tatu kwa uangalifu mkubwa, bila kutunza kiendeshi cha kuzisomea, iko katika hali ya mtu aliyerithi mswada wa hati za Kiarabu na kukosa wa kumsomea. Kuzihamisha data kutoka kizazi hadi kizazi ni sehemu ya kuhifadhi.

Mkabala: kurejesha kama kipimo

Katika utamaduni wa miswada ya Kiarabu, mnakili hakuhesabiwa kuwa amemaliza kazi kwa kufika ukurasa wa mwisho. Nakala ilisomwa ikilinganishwa na asili yake, na tendo hilo liliitwa mukabala. Mzizi wake ndio mzizi wa neno la Kiswahili mkabala: kuwekwa ana kwa ana. Hiki ndicho kinachokosekana katika hifadhi nyingi za tarakilishi.

Ni kweli kwamba viendeshi vya LTO hukisoma kila kinachoandikwa mara tu kinapoandikwa, na hurudia palipokosewa. Ulinganisho huo ni wa mtambo na ukanda tu. Mtambo hauwezi kujua kama saraka iliyoletwa ndiyo iliyokusudiwa, wala kama faili ilikuwa tayari imeharibika ilipoletwa.

Mkabala una ngazi. Ngazi ya kwanza ni kuisoma orodha yote kwa tar -t hadi mwisho wake. Ukanda uliokatika njiani hujulikana hapo. Ngazi ya pili ni kulinganisha kilicho ukandani na kilicho diskini kwa tar -d. Ngazi ya tatu ni kuandaa alama za faili kwa sha256sum kabla ya kunakili, kurejesha faili katika saraka mpya iliyo tupu, kisha kuzikagua kwa sha256sum -c. Saraka iwe mpya ili mrejeshaji asije akaandika nakala mbovu juu ya asili iliyo nzima. Ngazi ya nne, ambayo ndiyo ya juu, ni kurejesha kwenye tarakilishi nyingine kwa kutumia kiendeshi kingine. Kiendeshi ambacho vichwa vyake vimepotoka huweza kuandika kanda ambazo ni chenyewe tu kinachoweza kuzisoma. Siku kitakapokufa, kitakwenda nazo.

Baada ya kompyuta kusema kwamba alama zinalingana, mwanadamu afungue faili chache. Rekodi ya utambaji ichezwe na kusikilizwa. Tasnifu ifunguliwe na sura yake ya mwisho isomwe. Kisha lebo ya kaseti iandikwe kwa kalamu: tarehe ya kuandikwa, programu iliyotumika, ukubwa wa bloku, mpangilio wa hifadhi zilizomo, na tarehe ya mwisho ya kurejeshwa kwa majaribio. Lebo isiyo na tarehe hii ya mwisho ni ushahidi wa kuandika tu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hitilafu za nakala za ukanda hutafutwa kwa kufuata matabaka, kuanzia kebo hadi skripti. Kwamba ujumbe wa kosa husomwa kwa kuzingatia muktadha wake. Na kwamba makosa yenye madhara makubwa ni yale yasiyotoa ujumbe wowote. Yote hayo yanarudi kwenye hoja moja. Kule Pixar, kanda zilikuwapo, kiendeshi kilikuwapo, na ratiba ilifuatwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuzirejesha kanda hizo siku ambayo hapakuwa na dharura.

Wahenga hawakukosea. Akiba haiozi kwa anayelifungua ghala mara kwa mara, akaichambua nafaka, akaianika na kuirudisha. Idara, maktaba au mtafiti mwenye rekodi za wazee waliokwisha kututoka anaweza kuanza kwa hatua ndogo: achague kaseti moja, airejeshe katika saraka tupu, na asikilize kama sauti iliyohifadhiwa bado imo.